Mlango wa Kulwa

Aliileta ndani ya mfuko wa saruji uliokung'utwa:
kompyuta ya vibonyezo vya mpira, laini kama masikio ya mbuzi,
na kaseti ya kwaya iliyorekodiwa mchezo juu yake.
"Naitwa Doto. Nauza vipuri vya baiskeli pale Igoma.
Nasikia wewe huivisha michezo ya zamani nguo mpya."

Huivisha, ndiyo. Hapa Mabatini, chumba cha juu mawemawe,
ngazi thelathini na mbili kutoka barabarani,
umeme ukikubali.

Kaseti ikalia
kama mvua ya mawe juu ya bati, dakika tano nzima,
michirizi ya njano na buluu ikikimbizana pembeni mwa kioo,
na mwisho wa mkanda, kabla sijauzima,
sauti ya tatu ikachomoza na nusu ya neno: "...luya!"
Tukacheka wote wawili.

Mchezo wenyewe: kijitu cheupe, mifupa mitupu,
kinaruka mashimo, kinaokota funguo.
Kikipita penye nyasi, kinakuwa kijani.
Kikipita penye moto, chekundu,
kama diwani asiyejua yuko chama gani.
Kikiruka: tik. Kikifa: tik. Kikishinda: tik.

Wiki sita.
Nikakipa rangi yake, isiyoambukizwa na ukuta.
Nikakipa kivuli, na magoti yanayokunjika.
Nyuma yake nikachora mawe yetu yanayobebana,
mnandi akianika mabawa,
magugumaji yakisogea polepole kama deni.
Nikatunga muziki wa sauti tatu, na besi inayotembea.
Kisha nikasahihisha makosa ya fundi wa kwanza,
sijui nani, wa nchi gani, alikuwa na haraka au njaa:
chumba cha kumi na saba, ukuta wa kushoto,
namba moja ilizidi kwa moja,
ukiruka huku umegandamiza kushoto, unapenya.
Nikaziba. Dakika mbili tu.
Nikajisikia fundi.

Doto alikuja Jumapili, akavua kofia, akaketi.
"Aisee," alisema. Akamgusa mnandi kwa kidole.
Akaruka, akaokota, akapanda, akafika kumi na saba.
Akaruka kushoto. Akagonga ukuta.
Akaruka tena.
Mara nane. Nilihesabu.
Kisha akaweka mikono magotini.

"Umepaziba."
"Wapi?"
"Hapa Kulwa alikuwa anapita."

Walikuwa na miaka kumi na miwili,
sebuleni kwa mwalimu mmoja wa Pasiansi, Jumamosi tu,
na viatu vinaachwa nje.
Kulwa aliuona mlango ule peke yake,
akaapa unamfungukia aliyetangulia kuzaliwa.
"Nami nikapita nyuma yake," alisema Doto,
"kama siku ile ya kwanza."
Sikumuuliza Kulwa yuko wapi.
Alikuwa ameshaanza kukunja mfuko wa saruji,
pembe kwa pembe, taratibu mno.

Nilidhani nitarudisha ile moja, basi.
Lakini mchezo wangu mpya haukuwa na ufa wowote,
kila jiwe lilijua jirani yake.
Kosa lililomponyoka mwenzangu bure
lilinigharimu siku nne kulitengeneza.
Nililijenga kama mtu anayetoboa ndoo yake mwenyewe,
akipima tundu lisizidi.

Alirudi. Kumi na saba. Kushoto, juu.
Kijitu kikapenya na kivuli chake.
Upande wa pili hakuna kitu, haijawahi kuwa na kitu:
giza, na ufunguo mmoja usiofungua popote.
Nilitamani kuchora kitu pale. Sikuchora.
Doto alikaa kule gizani muda mrefu,
muziki wangu ukizunguka, ukizunguka,
hadi nikaupunguza.

Akauliza bei. Nikamtajia, akalipa bila kubishana,
jambo ambalo mtu wa Igoma hafanyi.
Mlangoni akageuka:
"Unaweza kuurekodi kwenye kaseti ileile?"
"Juu ya kwaya?"
"Juu ya kwaya. Ila ule mwisho wa mkanda,
uache."